Picha ya maua imetuletea maneno nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, naishi Leeds kaskazini mwa Uingereza pamoja na mume wangu mwenye miaka 32. Tuna miaka mitatu ya ndoa, mtoto bado. Nilitangulia mimi kwa kibali cha kazi, yeye akanifuata miezi mitano baadaye kama mwenza wangu. Mimi ni wa Tanga, mwenzangu ni Msukuma wa Misungwi.

Nianze na baridi, maana bila hiyo hutanielewa. Desemba hapa jua huchomoza saa 2 na dakika 20 asubuhi, na kabla ya saa 10 jioni limeshazama. Naingia wodini giza, natoka giza. Mume wangu yuko ghalani zamu za usiku, na kuna wiki moja ya Januari alimaliza siku sita hajaliona jua kwa macho yake. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja jioni ili tuwashe hita moja. Mita yetu ni ya kununua kabla, kama LUKU ya kwetu, na tulikuwa tunaiangalia inavyoshuka kama ninavyoangalia dripu ya mgonjwa. Hatukugombana, ila hatukuwa tunaongea. Yeye anarudi, mimi natoka. Nikikuta sahani niliyomfunikia iko tupu, nashukuru kwamba amekula. Yeye akikuta kikombe changu kwenye sinki anajua nimefika salama na nimetoka tena. Hii ilikuwa baridi yetu ya pili na ilitupiga kuliko ya kwanza.

Machi ilipokwisha saa zikasogezwa mbele, jioni zikarefuka. Maua ya njano ya dafodili yakatoka kando ya barabara, hata kwenye kipande cha nyasi pale kituo chetu cha basi. Mume wangu hapigi picha hata tukiwa harusini, lakini siku moja alisimama akaupiga picha mti wa jirani uliochanua rangi ya waridi tupu bila jani hata moja, akaja kunionyesha kitandani nilikolala. Nikajua tumevuka.

Tuna marafiki wachache. Kuna mume na mke kutoka Kenya tuliokutana nao kanisani, kuna kijana mmoja wa Mwanza anayesoma chuo kikuu hapa, na kuna mama wa Kiingereza ninayefanya naye kazi, anakaribia kustaafu. Jumatatu ya kwanza ya Mei ni sikukuu huku. Yule mama akasema hatuwezi kukaa Yorkshire, eneo letu hili, bila kuiona misitu ya mwezi wa tano, akatupeleka Ilkley, nusu saa hivi kwa treni, kwenye msitu wa Middleton. Shangazi, chini ya miti kote ni buluu, kama mtu ametandaza kanga. Ukiinama unaona kila ua ni kengele ndogo, imeinamisha kichwa. Wanayaita blubeli. Mama akatuonya tusitoke njiani, kwani yakikanyagwa huchukua miaka kurudi, na kuyang'oa ni kosa kisheria.

Tulitafuta uwazi tukatandika shuka la Kimasai. Mimi nilibeba chapati na kuku wa kukaanga, wenzetu wa Kenya sukuma wiki na nyama, mama wa Kiingereza skonzi na jamu, na chupa yangu ya chai ya tangawizi ikazunguka mpaka ikaisha. Mume wangu aliweka kichwa mapajani pangu akalala juani karibu saa nzima. Sijawahi kumwona amelala vile tangu tufike nchi hii. Siku nzima, sisi wawili, tulitumia pauni 23, nauli ikiwemo.

Yule kijana akapiga picha, mume wangu amelala, mimi nacheka, maua nyuma yetu. Akatupia kwenye status: "Maisha ndiyo haya." Hakuwa na nia mbaya. Lakini anafahamiana na wadogo wa mume wangu, na hata kabla hatujapanda treni ya kurudi picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la familia. Shemeji yangu, kaka yao mkubwa, akatuma ujumbe wa sauti. Alisema: "Mama analala kwenye nyumba inavuja, masika imembana, nyie mnakula bata mmelala kwenye maua. Kumbe hela ipo." Machi walituomba shilingi 1,800,000 za bati na mbao, mume wangu akajibu kwamba hali ni ngumu wasubiri. Kila mwezi tunatuma pauni 120 za matumizi ya mama, na hatujawahi kukosa.

Alisikiliza ule ujumbe ndani ya treni, simu sikioni, halafu akaiweka mfukoni. Mpaka leo hajamjibu kaka yake. Ameomba zamu za Jumamosi na Jumapili zote. Amemfokea yule kijana, na kijana hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Ameniambia hakuna kutoka tena wala picha yoyote mpaka nyumba ya mama iezekwe. Na Jumatatu ya mwisho ya Mei, ambayo ni sikukuu tena, anataka niombe zamu, kwa sababu Jumapili na sikukuu wauguzi wa daraja langu hulipwa asilimia 60 zaidi.

Siku hiyo tumeshawaahidi wenzetu kwenda Scarborough, baharini. Mimi ni mtoto wa Tanga, na tangu nitue Uingereza sijaona bahari. Nilikuwa nahesabu siku.

Naomba uniambie, Shangazi: je, niende peke yangu? Nimwombe kijana aseme ile picha ni ya zamani, ili nyumbani watulie? Na je, ni kosa kweli kufurahi wakati mama mkwe anavujiwa? Nikiwa wodini naona maua dirishani na moyo unanisuta.

Jambo moja nikuombe tuliache. Mume wangu alikuwa benki Mwanza, na nyumbani wanajua hata huku yuko ofisini. Hapendi wajue anabeba boksi. Hilo ni lake na nimekubali.

Wako,
Binti wa Tanga, Leeds

*

Marahaba binti yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nimefurahi kwa ajili yenu kwa ile saa moja mumeo aliyolala juani. Naanza na hilo ili ujue nimesimama upande gani.

Umeniomba tuliache la boksi. Siwezi, mwanangu, kwa sababu mgogoro wenu umelala hapo hapo. Maua hayana kosa. Hata ile picha yenyewe ilijifuta baada ya saa 24.

Jiweke mahali pa shemeji yako. Yeye ndiye aliyebaki Misungwi, na usiku mvua ikianza ndiye anayeamka kusogeza kitanda cha mama na kutega mabeseni. Anajua mdogo wake ni mtu wa ofisi Ulaya, na mkewe ni muuguzi Ulaya. Machi ameomba bati, akajibiwa maneno mawili, hali ngumu. Ngumu namna gani? Hakuambiwa. Wiki chache baadaye anamwona mdogo wake amelala kwenye maua saa za mchana, siku ya Jumatatu. Kwa mambo anayoyajua yeye, alihesabu sawasawa. Kosa liko kwenye yale aliyopewa ahesabu.

Sasa mpe mambo mengine. Mdogo wake yuko ghalani usiku, anainua maboksi mpaka alfajiri, Januari alipitisha siku sita bila kuona jua, anakaa chumba kimoja na mkewe ili wawashe hita moja, na pamoja na hayo pauni 120 zinafika kwa mama kila mwezi bila kukosa. Mtu mwenye habari hizo akiona picha ile ile atasema, afadhali leo kapumzika. Nyinyi mliwaficha baridi yote mkaja kuonekana wakati wa maua tu, na ndiyo maana maua yameonekana kama jeuri.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nilipita humo. Niliishi mji wa Reading huko huko Uingereza miaka kadhaa nikiwa kijana, nasafisha ofisi kuanzia saa 10 alfajiri. Baba yangu nilimwambia nafanya kazi ofisini. Kila alipoomba kitu kikubwa nikashindwa, aliona nimebadilika, nimekuwa mchoyo. Tuliishi hivyo mpaka dada yangu alipomweleza ukweli. Akanipigia, na badala ya kunilaumu akaniuliza mikono yangu inaendeleaje na zile dawa za kusafishia. Miaka minne nilimnyima baba nafasi ya kuniuliza swali hilo. Sijaacha kulijutia.

Usimwendee mumeo na barua hii mkononi ukimwambia Shangazi kasema wewe ni mwongo. Mwanaume aliyekuwa nyuma ya kaunta ya benki akiitwa mheshimiwa, leo kwenye karatasi za uhamiaji ameandikwa mtegemezi wa mkewe, na kwa mkono mmoja ameshika skana na kwa mwingine boksi. Hajasema, lakini hilo linamuuma kila siku. Kule kunyamaza ndani ya treni hakukuwa kiburi. Kaka yake aligusa mahali penye kidonda bila kujua kwamba pana kidonda.

Kwa hiyo chagua wakati. Usimwambie akiwa ametoka zamu, macho mekundu. Tafuta jioni ambayo wote mmelala vya kutosha, mwende Roundhay Park, ile bustani kubwa ya hapo Leeds, haina kiingilio, na mwezi huu jua kwenu linazama karibu saa 3 usiku. Tembeeni kuzunguka ziwa, maana mtu anayetembea hutoa maneno magumu kwa urahisi kuliko aliyekalishwa kwenye kochi. Mwambie umechoka kumwona anabeba vitu viwili, boksi na siri ya boksi. Halafu nyamaza. Asipojibu siku hiyo, usimsukume, rudieni matembezi.

Akishakubali, ampigie mama yake kwanza. Katika barua yako yote, binti yangu, mama mkwe hajasema neno hata moja. Umeliona hilo? Anayelalamika ni shemeji, mama mwenyewe hamjamsikia. Huenda ameiona picha akashukuru kwamba mwanawe amenenepa. Ampigie kwa sauti yake, si kwa kuandika kwenye kundi, na amwambie kazi anayofanya na saa anazofanya. Tangu saa zenu zisogezwe mbele tofauti na nyumbani ni saa mbili tu. Saa 12 jioni Leeds ni saa 2 usiku Misungwi, mama hajalala, na mumeo hajaondoka kwenda kazini. Akimaliza kwa mama, siku hiyo hiyo ampigie kaka. Aanze na "kaka, nisamehe nilikaa kimya", kisha aeleze. Nina hakika ataona aibu kusema "ghala" mara ya kwanza tu. Na amtumie mama picha moja, amevaa kile kizibao chake cha njano cha kazini. Mama ana haki ya kuiona hiyo pia, pamoja na ya maua.

Njoo kwenye bati, maana nyumba kweli inavuja na hatuwezi kuitibu kwa maneno. Wiki hii hii tumeni hela ya turubai zito lifunike upande unaovuja mpaka masika iishe. Hilo ni jambo la siku moja na mama atalala pakavu. Baada ya hapo pigeni hesabu. Pauni moja sasa ni zaidi ya shilingi 3,000, kwa hiyo 1,800,000 haizidi pauni 600. Mkitenga pauni 150 kila mwezi, kuanzia Juni mpaka Septemba imekamilika, na mafundi watakuwa wameshuka juu ya paa kabla vuli haijaanza. Mwambieni shemeji mpango huo kwa miezi na kiasi, tena mpeni yeye usimamizi: achague bati, apatane na fundi, awatumie risiti na picha. Mtu aliyepewa tarehe huweza kungoja. Aliyeambiwa "hali ngumu" hana anachongojea.

Mkishakuwa na mpango, zile zamu za kila Jumamosi na Jumapili mumeo azipunguze. Nakuelewa kuhusu ile asilimia 60, ni hela halali na wengi tumejengea. Lakini mtu anayefanya usiku wiki nzima halafu na mwisho wa wiki, ataezeka nyumba ya mama na kubomoa mwili wake. Wewe chukua zamu ya sikukuu ya Agosti, Jumatatu ya mwisho wa mwezi ule, malipo ni yale yale. Hii ya Mei iacheni.

Umeniuliza kama ni kosa kufurahi. Hapana. Wewe ni muuguzi unalijua hili kuliko mimi, lakini nawaandikia na wengine wanaosoma: ngozi zetu nyeusi, kwenye nchi ile, hazipati jua la kutosha kutengeneza vitamini D. Huduma ya afya ya Uingereza inawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, wakati wengine wanashauriwa hasa kwa majira ya baridi. Kwa hiyo mbeba boksi wa usiku aliyelala juani saa moja hajala bata. Amekula dawa. Na hata tukiacha dawa, nyinyi ni vijana, mmeoana juzi, mlikuwa mmefika mahali pa kujuliana hali kwa sahani na kikombe. Siku ile Ilkley mlirudiana. Pauni 23! Ningekuwa na uwezo ningewalipia nyingine.

Kuhusu kumwomba kijana aseme picha ni ya zamani, nakataa kabisa. Mmeshaumia kwa uongo mmoja, msiongeze wa pili, tena wa kumpa mtoto wa watu auseme kwa niaba yenu. Yeye alikosea kidogo, alitupia picha ya watu bila kuwauliza. Mumeo akamfokea kwa hasira ya mtu mwingine. Pika pilau, mwiteni, mumeo amkaribishe mwenyewe mlangoni. Mwanafunzi aliye peke yake mji ule, nyumba yenu ndiyo nyumbani kwake. Na kwa siku zijazo mkubaliane kati yenu marafiki, picha haiendi popote kabla waliomo hawajasema sawa.

Scarborough sasa. Je, uende peke yako? Kabla mumeo hajaongea na nyumbani, nakushauri usiende bila yeye. Atabaki ndani ya nyumba na ile sauti ya kaka yake, wewe ukirudi na mchanga kwenye viatu atasikia umemwacha. Lakini mkishaongea, simu zikapigwa, na bado akachagua zamu, basi nenda na marafiki zako kwa moyo mweupe, akijua uko wapi na unarudi saa ngapi, na chakula chake kiwe tayari. Kumnyima mke bahari hakuongezi bati. Mwambie hivyo hivyo, nimesema mimi.

Yule mama wa Kiingereza usimwache hewani. Kwetu mtu anaweza kutokea au asitokee na pilau likaliwa tu. Kwao siku ikishaandikwa kwenye kalenda ni ahadi, na kuvunja asubuhi yake ni dharau. Ukimwambia wiki mbili kabla kwamba mna jambo la kifamilia na utathibitisha Jumapili, atakuelewa, wala hatauliza jambo gani. Huyo mwanamke aliwapa siku yake ya mapumziko. Mtunzeni. Na mkiwa safari, kuna ile kadi ya reli ya watu wawili wanaosafiri pamoja, inapunguza theluthi ya nauli. Piga hesabu ya safari zenu za mwaka uone kama inawalipa.

Libebe tena shuka la Kimasai, na majaketi, kwani bahari ya huko si ya Tanga, hata mwisho wa Mei upepo wake unakata masikio. Maji yake utayaona ya kijivu, na baridi yake inapanda mpaka magotini ukiwa umelowa vifundo tu. Vua viatu uingie hivyo hivyo, mshike mumeo mkono, yeye wa ziwa na wewe wa bahari. Kisha niandikie uniambie mama mkwe alisema nini alipoiona picha ya kizibao.

Shangazi